Mstari wa Salafta

Kuna mtu aliyekufa karibu miaka elfu iliyopita ambaye amechukua maneno ya mke wangu, na hapa Gaza hakuna hakimu wa kumshtakia. Tena kila mtu anampenda. Mimi mwenyewe nampenda, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Sisi walimu hatumtaji kwa jina. Tunasema Mwandishi, basi, na kila mwanafunzi anajua ni yule Mwathene aliyeandika vita vya watu wake na Wasparta. Wako waandishi wengine wa mambo ya kale, watamu kuliko yeye, wanaosomeka mtu akiwa amelala chali na sahani ya tini juu ya tumbo. Mwandishi hasomeki hivyo. Mwandishi anapiga maneno mafundo, na kazi ya mtu kama mimi ni kuyafungua. Nimeyafungua tangu sijaota ndevu hadi sasa ambapo ndevu zimeota, zimejaa mvi na zimeanza kupukutika. Lango hili ni lipi, jemadari yule ni mwana wa nani, kwa nini hapa ametumia neno la mababu na si neno la sokoni. Yote hayo nayaandika kwenye pambizo la kitabu changu, kwa herufi ndogo kama mavi ya panya.

Na shukrani yake? Desturi yetu wafafanuzi ni kwamba anakuja mwenzako, anachota kwenye maelezo yako, anachota na kwenye ya marehemu fulani, anachanganya, na pale yako yanapoanzia anaandika "mwingine asema". Si "Alafioni asema". Mwingine. Nimekutana na hoja zangu mwenyewe katika vitabu vya Kaisaria, zimefichwa chini ya huyo Mwingine, zinanipita kama hazinijui. Nimelilalamikia jambo hilo mezani, darasani, hata mlangoni pa kanisa, mpaka mama mkwe wangu akaniambia nikifa ataagiza kaburi langu liandikwe, "Hapa amelala mwingine."

Lakini hayo nimeyazoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Lililonipata mwaka huu ni jingine.

Kitabu cha Mwandishi cha pale shuleni kilikuwa kimeliwa na wadudu. Mkuu wa shule yetu, Ulpiano, akaamuru kinakiliwe kipya kwenye ngozi nzuri, na kwa kuwa nakala yangu ndiyo iliyosahihishwa vizuri kuliko zote mjini, nikaombwa niiazimishe. Nikaiazimisha. Mnakili alikuwa Abramio, mwenye karakana nyuma ya soko la mafuta, mwandiko wake unapendeza na kichwa chake ni cha mbuzi. Nakala zote zitakazotoka kwetu kwenda Kaisaria, Beruti na Aleksandria zingetokana na hicho kitabu kipya. Kwa hiyo Ulpiano alipokwisha kukisoma na kukipapasa, nikakichukua nyumbani kukikagua neno kwa neno, huku nikila dengu kwa mkono wa pili.

Nikafika kwenye tauni.

Mwandishi ameieleza tauni iliyoupiga mji wa Athene wakati wa vita, kiu ya wagonjwa, maiti zilizokosa wa kuzizika. Vijana wanaipenda sehemu hiyo kwa sababu inatisha. Mimi, tangu tauni yetu wenyewe ilipopanda kutoka Misri na kufagia nusu ya mtaa wetu, siwezi kuisoma bila kusimama na kuzunguka chumba. Na pale katikati ya maneno yake, kwa mwandiko mnene wa Abramio, bila nafasi wala alama, nikasoma hivi: "Na walikuwapo waliowaomba radhi wauguzi wao kwa kuwachosha, kama wageni waliokaa kupita siku zao."

Dengu zikanipalia. Nilikohoa mpaka mama mkwe akaja kunipiga mgongo.

Mstari ule si wa Mwandishi. Ni wangu. Niliuandika pambizoni siku chache baada ya kumzika mke wangu Salafta. Siku yake ya mwisho, ulimi umemkauka, kila nilipompa maji alisema, "Nisamehe, nimekuchosha. Nimekaa sana. Nitaondoka." Mama yake, Nonna, alikuwa Mayuma, kule bandarini, na njia ilikuwa imefungwa na askari. Aliporuhusiwa kupita, mwanawe alikuwa ameshafukiwa. Akaniuliza amekufaje. Nikamwambia alilala tu, hakusema kitu. Ningemwambia nini? Kisha nikaenda kwenye kitabu, kwenye tauni, nikaandika pembeni. Ndivyo nilivyofundishwa: ukijua jambo linaloyafafanua maneno ya Mwandishi, liandike pambizoni. Na jambo hilo nililijua.

Sasa lilikuwa limehama kutoka pambizoni na kuingia ndani. Salafta alikuwa amekuwa Mwathene, mmoja wa maiti za watu wengine. Nilitaka kitu kimoja tu, mstari ule utoke kabla nakala hazijaanza kusafiri, kwa sababu ukishafika Beruti hakuna atakayeweza kuuita urudi.

Nilikwenda kwa Abramio nikiwa na vitabu vyote viwili kwapani na mori umenipanda.

"Abramio! Huu mstari umeutoa wapi?"

"Kwenye kitabu chako, Mwalimu." Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anachonga kalamu.

"Ulikuwa pembeni!"

"Ndiyo, pembeni. Na kialama chake."

"Kialama cha kuonyesha maelezo yanahusu maneno gani, mpumbavu wee!"

"Sasa mimi ningejuaje?" Hapo akaiweka kalamu chini. "Mnakili akiruka mstari, anayesahihisha anauandika pembeni, anaweka kialama pale ulipodondoka. Wewe mwenyewe umerudisha mistari mingi hivyo hivyo. Kialama ni kile kile, pambizo ni lile lile. Nikaurudisha na huo."

"Ungetumia akili."

"Nilitumia. Maelezo yako mengine nayajua hata nikifumba macho. 'Yaani kwa meli.' 'Yaani baba yake.' 'Hapa amekusudia mto, si mji.' Hayo nimeyaacha pembeni yote, hebu tazama. Lakini huu..." Akauwekea kidole. "Huu ulikuwa na sauti yake. Nikasema, ala, huyu ni mzee mwenyewe."

Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nimeandika kitu chenye sauti ya Mwandishi. Nilingoja sifa hiyo tangu ujana, na ilipokuja nilitamani kumpiga nayo mtu kichwani.

"Ufute," nikamwambia.

"Kitabu ni cha shule, Mwalimu. Nikikwangua ngozi ya Mkuu bila ruhusa yake, na yeye atanikwangua mimi."

Basi nikaenda kwa Mkuu. Ulpiano ana sauti ya kuweza kuwauzia watu maji wakiwa mtoni, na anajua hivyo, kwa hiyo hata akikuuliza habari za nyumbani unaona kama yuko jukwaani. Siku ya Waridi, sikukuu ya mji wetu, ilikuwa inakaribia. Wanafunzi walikuwa uani wanasuka mataji ya maua na kurushiana, na yeye alikuwa anatembea huku na huku akijifunza hotuba yake.

"Ndugu yangu Alafioni! Nilikuwa nakutafuta. Ule mstari wa wageni!"

"Ndio ulionileta."

"Nimeufundisha, wanafunzi wakalia. Yule jeuri wa Askaloni, unamjua, alitoka nje akajifanya anapiga chafya. Miaka yote hii namfundisha Mwandishi, kumbe nakala zetu mbovu zilikuwa zimeudondosha! Umeupata wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Una gombo la zamani? Unanificha?"

"Sina gombo, Mkuu. Mstari huo nimeuandika mimi."

Alinitazama, kisha akacheka, kisha akaona sicheki, akanishika mkono na kunivuta pembeni kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba nguo yake imechanika nyuma.

"Alafioni. Hapa duniani hakuna anayejua majina ya mito kama wewe. Nakuheshimu sana kwa mito. Lakini tusidanganyane, tuko wawili tu. Mstari ule wewe huwezi kuuandika."

"Nimeuandika!"

"Huwezi, bwana. Sikuzote nakusoma. 'Yaani kwa meli.'"

Nikamfunulia kitabu changu. Nikamwonyesha kwamba mwandiko ni wangu. Nikamwonyesha kwamba wino ni mpya kuliko wino wa maelezo mengine. Akauinamia ukurasa kwa furaha tupu.

"Umeona? Mwandiko wako, wino mpya, na kialama mahali pake. Umekutana na nakala bora, ukasahihisha. Kazi safi kabisa. Na unyenyekevu huu wa kusahau ulikoipata!"

Kila nilichomletea cha kuthibitisha kwamba mstari ni wangu kilithibitisha kwamba ni wa Mwandishi. Ningeleta mashahidi wangegeuka njiani. Mwishowe, kwa kukosa la kusema, nikasema lile nisilotaka.

"Ni maneno ya Salafta. Alipokuwa anakufa."

Nilikuwa sijalitaja jina lake mbele ya mtu wa shuleni tangu mazishi. Uso wa Ulpiano ukalegea. Akaniwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya kawaida.

"Pole, ndugu yangu. Sasa nimekuelewa. Unamsoma Mwandishi, unamsikia mkeo. Ndivyo walivyo wakubwa hawa, kila mtu anamkuta maiti wake ndani yao." Macho yake yakaanza kung'aa. "Hilo nitalitia kwenye hotuba."

"Usithubutu!"

"Sitakutaja. Nitasema 'rafiki yangu mmoja'."

Nilitoka pale nikijikwaa kwenye mataji ya waridi. Nikazunguka kwa walimu wenzangu mmoja mmoja. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Mmoja aliniuliza kama vile vita vya majini vya Sisilia pia nimeviandika mimi, maana ana swali. Mwingine akanishauri nipunguze mvinyo. Habari zikafika kwa wanafunzi, na unajua Mwandishi alikufa kabla ya kumaliza kitabu chake, basi ikawa kila nikipita barabarani naitwa kutoka juu ya ukuta, "Mwandishi! Shikamoo, Mwandishi! Mbona hukumaliza? Nani alishinda?" Nami nikiokota jiwe wanakimbia huku wakisema Mwandishi ameanza tena vita.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Nonna anaishi kwangu tangu mwanawe afe, kwa sababu hana kwingine na mimi sina mwingine, na tunagombana kila siku kwa moyo mmoja. Hajui kusoma. Anasema lugha yake ya Kishami nyumbani na Kigiriki cha sokoni akiwa sokoni, na kwa vyote viwili hajui kunyamaza.

"Una nini wewe? Tangu asubuhi unaongea na mkate."

"Mambo ya shule, Mama."

"Mambo ya shule hayamlizi mtu mzima."

"Silii."

"Basi ni kitunguu kinalia kwa niaba yako."

Nilikuwa na hofu mpya, mbaya kuliko hasira. Siku ya Waridi mji mzima huenda uwanja wa michezo ya kuigiza, wanaume chini na wanawake juu, kumsikiliza mkuu wa shule. Nonna hajawahi kukosa. Nikamwambia mwaka huu kuna joto. Akasema joto gani mwezi wa waridi, na kanzu ameshaifua. Nikamwambia hotuba itakuwa ndefu na ya kuchosha. Akasema mwaka gani haikuwa hivyo, yeye anafuata maua. Sikio lile halikuwa la kusikia dawa yangu.

Tukaenda.

Lazima niseme kweli, Ulpiano alihutubu vizuri. Alitoka kwenye maua ya waridi yanayochanua siku moja, akaingia kwenye ufupi wa maisha, akashuka kwenye tauni, na watu waliokuwa wanatafuna mbegu wakaacha kutafuna, kwa kuwa hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuzika mtu. Kisha akasema, "Sikilizeni anachosema Mwandishi." Akausema mstari ule. Taratibu, akiacha kila neno litue. Wanaume wazima wakafunika nyuso kwa mikono. Mimi nilikuwa nimekaa nimekunja ngumi mapajani. Nilisikia uchungu, na wivu pia, kwa kuwa ndani ya kinywa chake maneno ya mke wangu yalikuwa mazuri kuliko yalivyowahi kuwa kwenye pambizo langu.

Akaurudia, kama wanavyofanya wakiona jambo limechoma. "Kama wageni waliokaa kupita siku zao..."

"Huyo ni mwanangu!"

Sauti ilitoka juu, kwa wanawake. Nilijua ni nani kabla ya kugeuka. Nonna alikuwa amesimama na taji lake limekaa upande.

"Nani kakupa maneno ya mwanangu? Wewe mwenye sauti! Nakuuliza!"

Kicheko kikaanza safu za nyuma.

"Kaa chini, bibi!"

"Bibi, mwanao kumbe aliolewa Athene?"

Ulpiano akainua mkono. Ni mtu wa adabu, sitamnyima hilo. "Mama yetu mpendwa," akasema, "maneno haya yana karibu miaka elfu..."

"Basi na mimi nina miaka elfu!" Nonna akamjibu. "Kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha!"

Hapo hakuna aliyejizuia. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mtu mmoja akainuka na kumsalimia kwa heshima kama mama mkwe wa Mwandishi, mwingine akamwomba habari za Wasparta. Ulpiano alijaribu kurudi kwenye waridi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika, na alimalizia hotuba yake kwa mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Mimi nilikuwa ninapanda ngazi nikiwasukuma watu. Nilimshika Nonna mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukaenda nyumbani na kufunga mlango.

"Alisema?" akaniuliza.

"Alisema, Mama."

"Uliniambia alilala tu."

Nikaenda kufunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

"Umeiambia ngozi ya kondoo, ukaacha kuniambia mimi." Akavua taji, akaliweka mezani juu ya mkate. "Alisemaje hasa? Usinipe maneno ya yule mpiga kelele. Ya kwake."

Nikamwambia. Nisamehe, nimekuchosha, nimekaa sana, nitaondoka. Kila nilipompa maji. Nilimwambia pia jinsi alivyokuwa anashika kikombe, kwa mikono miwili, kama kitu cha kuazima. Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu, wala kuliandika.

Nonna akavuta kigoda, akakaa.

"Baba yake alipokufa tulikwenda kukaa kwa kaka yangu," akasema. "Mke wa kaka alikuwa anatutazama tukitafuna. Nikamfundisha mtoto. Kila ukiletewa kitu, omba radhi. Sema umewachosha. Sema utaondoka karibuni, wasije wakakufukuza. Alikuwa mdogo hivi, alidhani ni salamu." Akajifuta pua kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. "Nilidhani ameacha. Alipoolewa nikasema, haya, sasa yuko kwake, ataacha. Kumbe hakuacha. Nyumbani kwake mwenyewe, kwa mumewe mwenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba nilimjibu Salafta. Kwamba nilimwambia hapa ni kwako, hukunichosha. Sikumbuki kama nilisema. Nilikuwa ninateka maji.

Asubuhi Ulpiano akaniita. Watoto walikuwa wameshamtungia wimbo, na nilipokuwa napita uani niliusikia ukiimbwa nyuma ya nguzo. Hakunikaribisha kukaa.

"Ufute," akasema.

"Umeniamini sasa?"

"Sijakuamini. Mstari ni wa Mwandishi, na siku moja watu watautafuta na kukulaani. Lakini siwezi kufundisha kitabu ambacho kila nikikifungua darasa linaniuliza bibi hajambo. Ufute, na usiniachie kovu kwenye ngozi."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda. Mwandiko haukunifaa kitu, wino haukunifaa kitu, miaka yangu yote ya kusoma haikunifaa kitu. Kilichomshinda ni kicheko. Nilitoka pale nimepata nilichotaka na nina hasira kuliko nilivyoingia.

Nonna alishika njia nyuma yangu kwenda kwa Abramio. Nikamwambia hapana kitu cha kuona. Akasema, "Nataka kuona mwanangu anakaa wapi," na mimi nilikuwa nimeshachoka kubishana naye.

Abramio akanifungulia kitabu kwenye tauni, akanipa kisu cha kukwangulia, akasogea. Nilikuwa nimekipigania kisu kile mji mzima. Sasa nilikuwa nimekishika juu ya mstari, na mkono haukutaka kushuka. Humo ndani, katikati ya Mwandishi, angesomwa mpaka mwisho wa dunia. Watu wa nchi nisizozijua wangefunika nyuso. Lakini hawangekuwa wanamlilia yeye. Wangekuwa wanamlilia Mwathene yeyote.

"Nikusaidie, Mwalimu?" Abramio akauliza.

"Nyamaza wewe."

Nikakwangua. Wino mzuri hauondoki upesi. Unatoka vumbi vumbi, na unapuliza. Nonna alikuwa amesimama begani kwangu, namsikia anavyopumua. Nilipomaliza nikasugua kwa jiwe mpaka ngozi ikawa nyeupe.

"Sasa yuko wapi?" akauliza.

"Hayupo, Mama. Nimemtoa."

"Ah," akasema. "Kama ulivyomfukia. Kabla sijafika."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kumjibu. Nikamwambia Abramio alete kalamu na wino. Nikasogea pembeni, kwenye pambizo, mbali na maneno ya Mwandishi, na sikuweka kialama chochote ili mbuzi mwingine asije akaurudisha ndani. Nikauandika mstari upya. Safari hii sikuuandika kwa mtindo wa Mwandishi. Niliuandika kama ulivyosemwa: nisamehe, nimekuchosha, nimekaa sana, nitaondoka. Na mbele yake nikaandika, kwa herufi kubwa kuliko desturi: Salafta wa Gaza asema.

Abramio alikuwa anachungulia. "Mwalimu, hakuna anayeandika hivyo. Huyo si mfafanuzi."

"Mimi ndiye ninayeandika."

"Jina lake liko wapi hapo?" Nonna akauliza.

Nikamwonyesha. Akainama mpaka pua ikakaribia ngozi, akalitazama kwa muda mrefu, yeye asiyejua alfa wala beta. Kisha, kabla sijawahi kumzuia, akaliwekea kidole, akalipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyompapasa mtoto usoni kuona kama ana homa.

Wino ulikuwa haujakauka.

Abramio akapiga yowe. Mimi huwachapa wanafunzi fimbo kwa doa dogo kuliko lile. Jina zima lilikuwa limekuwa wingu jeusi lenye alama ya kidole katikati, na neno "asema" tu ndilo lililobaki safi.

"Nilikwangue uliandike upya, Mwalimu," Abramio akasema. "Mnakili ajaye hataweza kulisoma. Ataandika 'mwingine asema'."

Nikaitazama ile alama ya kidole. Nikamtazama Nonna, ambaye hakuwa ameelewa kwamba ameharibu kitu.

"Aandike," nikasema.

Tulirudi kwa njia ya soko la mafuta. Kulikuwa na watu wengi, na vijana wakaniita Mwandishi, sikuokota jiwe. Njia nzima Mama alikiinua kile kidole cheusi mbele yake, kisije kikagusa nguo kikafutika.